Tawi la Njia Panda

Siku ya kuniaga, mkuu wa kituo alisimama mbele ya keki akasema mama yetu Estha ameamua kupumzika kwa kuwa ameutumikia msitu vya kutosha. Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu kama ilivyotakiwa, nikakata keki, nikalishwa mbele ya simu kumi. Kisha mkuu akanikabidhi daftari kubwa la jalada gumu, akaniomba niwaandikie vijana wanaoanza kazi ya kuongoza wageni. Akasisitiza yawe mambo ya kutia moyo.

Mambo ya kutia moyo sina. Ninayo ya kuudhi, tele, na nimeyabeba tangu nilipoanza kupanda na kushuka milima hii ya Usambara nikiwa na watu nyuma yangu au mbele yangu. Na la kwanza kabisa ni kwamba sikuamua kupumzika. Hilo nitalieleza mwishoni. Msifunue kurasa za nyuma kabla ya wakati, maana nawajua, ni wale wale mnaotaka kuona maporomoko kabla hatujatoka getini.

Nilizaliwa Maramba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba alitoka bara kuja kukata mkonge, akasema ni kwa msimu mmoja, akazikwa huku huku. Mimi mkonge sikuutaka. Niliposikia kituo cha msitu kinatafuta watu wa kuongoza wageni, nikaenda na viatu vyangu vya kanisani, vyeusi, vya kisigino kidogo, kwa sababu sikuwa na vingine vya heshima.

Aliyenipokea ni Mzee Hoza. Mbondei wa Muheza, mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kukoroma hata akiwa macho. Nikampa shikamoo yangu kwa adabu zote. Akaitikia akiwa anaangalia viatu. Akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au nimekuja harusini, akanipa buti za mpira zilizoachwa na mtu, zote mbili za mguu wa kushoto. Nikatembea nazo siku nzima. Jioni nilipomwonyesha malengelenge akasema vizuri, sasa utajua mgeni anayechechemea anajisikiaje, na wewe hutamwambia atembee haraka. Sikumshukuru. Mpaka leo naona angeweza kunieleza tu kwa mdomo.

Akaniweka mkia. Kwetu mkia ni yule anayetembea wa mwisho, nyuma ya wageni wote. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Nilikaa mkia miaka miwili. Miaka miwili nikaangalia migongo ya watu, mikoba ya watu, na makalio ya watu wakipanda mlima, huku mbele Mzee Hoza akionyesha mbega na ndege hondohondo na kupewa pongezi. Wageni walioniona nyuma walidhani mimi ni mpishi. Nilipopandishwa kuwa wa mbele pia wakaniuliza mwongozaji yuko wapi. Nimesimama mbele yao, nina panga, nina filimbi, nina sare yenye maandishi kifuani, na mtu ananiuliza mwongozaji yuko wapi. Hayo nayo mtazoea, hasa nyinyi wasichana. Hapana, nimesema uongo. Mimi sikuzoea.

Sasa nieleze kuhusu tawi, kwa sababu kila kitu kimesimama hapo.

Msitu wetu una njia nyingi kuliko mitaa ya Tanga mjini, na hazina vibao. Njia ya wageni inakatana na njia za wenyeji, ya kwenda kwenye iliki, ya kuni, ya maji, ya mkato wa kwenda kijiji cha pili. Wageni hawatembei pamoja hata uwafunge kamba. Huyu anapiga picha, yule amechoka, yule anagombana na mkewe kwa sauti ya chini. Kwa hiyo wa mbele akifika njia panda anakata tawi lenye majani mabichi, analilaza kwa kukingama kwenye njia isiyo yetu. Njia imefungwa. Mgeni anaambiwa tangu getini kwamba akiona tawi limelala njiani asipite hapo, ashike njia nyingine. Hata mtoto anaelewa. Hata maprofesa wanaelewa, ukiwaambia mara mbili.

Na mkia akifika, watu wote wakiwa wamekwisha kupita, analiinua lile tawi na kulitupa pembeni. Njia imefunguliwa. Msije mkalisahau hilo, kwa sababu njia ile ni ya watu. Mama anarudi na mzigo wa kuni kichwani, anakuta tawi bichi limekingama njiani kwake, ataulizia ni nani aliyemfungia njia na kwa sababu gani, na kwa wenyeji wa huku hilo si jambo dogo. Zamani Mzee Hoza aliwahi kusahau tawi likalala mpaka asubuhi, na ukoo mzima ukaja kituoni kutaka kujua wamekosa nini. Alipigwa maneno siku nzima. Tangu hapo alikuwa na haraka ya kufungua. Alinifundisha kufunga kwa dakika moja, lakini kufungua alinifundisha kwa miaka miwili.

"Wa mbele akikosea, wa nyuma atamsahihisha," aliniambia. "Mkia akikosea, nyuma yake kuna nani?"

Wageni wenyewe, jamani. Wamenichosha roho. Kuna aliyekuja na mwavuli na manukato, nyuki wakamfuata mpaka kwenye gari. Kuna kundi kutoka Dar es Salaam lililokuja na viatu vyeupe na spika ya muziki, likalalamika kwamba hatukuona mnyama hata mmoja. Mnyama gani akae kusubiri makelele yale? Kuna mzungu aliyeulizia simba kwa siku mbili. Nilimwambia hapa kuna vinyonga wadogo kama kidole na maua ya zambarau yanayoota kwenye mwamba, akaandika kitu kwenye kitabu chake kwa huzuni. Na siku hizi kuna simu. Mtu anaangalia ramani ya simu kisha ananiangalia mimi, ananiambia simu inasema tupite kulia. Kulia ni korongo. Namwambia tangulia basi, nitakuja kuwaambia watu wako.

Kuhusu vifaa. Panga, liwe kali, lisiwe refu. Filimbi ya chuma, si ya plastiki, maana ya plastiki inapata ufa na kuanza kulia kama kuku mwenye kikohozi. Kamba, hatua ishirini. Chumvi na kitambaa safi. Na sukari guru. Hili la sukari guru lilikuwa la Mzee Hoza. Alibeba bonge kwenye karatasi ndani ya mkoba, mwaka hadi mwaka, likayeyuka, likaganda, likaingia sisimizi, na kila safari sisimizi wale wakahamia kwenye chakula changu. Nilimsihi aliache. Nilimwambia watu hawaji hapa kula sukari. Akasema kuna siku mtu ataishiwa nguvu mlimani na wewe utampa nini, hotuba? Nikaendelea kuokota sisimizi kwenye chapati.

Miaka ikaenda. Nikawa wa mbele, Mzee Hoza akahamia mkia kwa hiari yake. Alisema magoti yamekataa kuongoza lakini hayajakataa kufuata. Tukafanya kazi hivyo muda mrefu, vizuri. Kisha nikaanza kuona vitu. Nikimwita kutoka mbele, haitiki mpaka mara ya tatu. Akizungumza nawe anakugeuzia shavu la kulia, kwa sababu sikio la kushoto limekufa. Siku moja mgeni alisimama nyuma yake kufunga kamba za kiatu, na Mzee Hoza akampita bila kujua, mgeni akaja akikimbia. Tukacheka. Mara ya pili ikawa vile vile, hatukucheka.

Nilipaswa kumwambia. Nilijua napaswa kumwambia. Lakini ningeanzaje? Huyu ndiye aliyenipa buti, aliyenifundisha kunusa mvua kabla haijafika. Nikajiambia mzee wa watu anakaribia kustaafu, mwache amalize kwa amani. Nikaita hiyo heshima. Nikawa nageuka nyuma mara nyingi zaidi, nikihesabu vichwa mwenyewe, basi.

Ndipo akaja Bwana Karim.

Bwana Karim alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Tanga mjini, Mhindi wa tangu enzi za babu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Umri wake ulikuwa kama wa Mzee Hoza. Alikuja na binti yake Shamim, mwalimu, na jamaa na marafiki wengine, jumla watu tisa. Marehemu baba yake alikuwa akinunua iliki milimani huku, na yeye alitaka auone msitu kabla hajafa. Alinitamkia hivyo hivyo getini, kabla hajafa, huku Shamim akimwomba asiseme maneno hayo.

Walipopita Muheza alikuwa amenunua machungwa. Si machungwa mawili, matatu. Alijaza mifuko yote ya koti, na tangu hatua ya kwanza alikuwa anamenya na kutupa maganda. Nikayaokota. Nikamwomba asitupe. Akasema ganda la chungwa si takataka, ni mbolea. Nikamweleza kwamba nyani wakishazoea maganda watakuja kutafuta machungwa kwenye mikoba ya watu. Akanieleza habari za nyani wa Pangani. Akatupa lingine. Hapo damu ikanichemka. Nikasimamisha msafara mzima, nikamwambia mbele ya binti yake kwamba ganda lolote atakalomenya litakaa mfukoni mwake mpaka getini, na kama hawezi, njia ya kurudi ni ile pale.

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Sawa, dada. Umeshinda." Akaanza kujaza maganda mfukoni. Nikaona nimepata ushindi wa siku, wala sikujua siku ina nini.

Kila kitu kilimfanya asimame. Gogo lilimsimamisha, kipepeo alimsimamisha, mti alioona unafanana na ule wa uani kwao ndio kabisa. Akawa wa mwisho, karibu na Mzee Hoza, na wazee wawili wakawa wanazungumza, mmoja hasikii na mwingine hanyamazi. Nikasema angalau wamepatana. Nikafika njia panda ya mwamba. Kushoto ni njia yetu, nyembamba, inapanda kwenda kwenye mwamba wa kupumzikia. Kulia ni njia pana, safi, inashuka kwenye mashamba ya iliki na zaidi ya hapo makorongo. Mgeni yeyote mwenye akili timamu angechagua ya kulia. Nikakata tawi, nikalilaza kulia, nikapanda.

Juu ya mwamba, asubuhi ikiwa safi, unaona tambarare ya Maramba na bahari kwa mbali. Watu wakakaa, wakatoa vyakula. Nikahesabu vichwa. Saba, na Shamim wa nane. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema yuko nyuma na yule mzee. Sawa. Tukasubiri.

Mzee Hoza akatokeza peke yake, anafuta jasho.

Nikamuuliza mgeni wake yuko wapi. Akageuza shavu la kulia, nikarudia. Akasema wote wako mbele. Akaangalia watu pale mwambani, mmoja mmoja, akarudia kuwaangalia, na nikaona uso wake unabadilika.

Shamim aliinuka akiwa ameshika mkoba wa baba yake. Akanieleza kwa sauti ndogo sana kwamba baba ana kisukari, kwamba asubuhi alichoma sindano yake kama kawaida, kwamba chai aliikataa hotelini kwa kuwa haikuwa na tangawizi, na chakula chake chote kimo ndani ya mkoba ule aliokuwa ameushika. Nikamuuliza kwa nini hamkusema getini, fomu ina sehemu ya maradhi. Akasema baba alimkataza, aliogopa atakataliwa kupanda. Kila mtu siku ile alikuwa ameficha kitu kwa ajili ya mzee wake.

Simu hazikushika. Nikawaambia waliobaki wakae pale pale, asiondoke mtu hata mbega akija kuwasalimu. Kijana mmoja, rafiki wa familia, akauliza kama wakati wanasubiri wanaweza kusogea kidogo kuona maporomoko. Nilimtazama tu, akakaa. Nikateremka na Mzee Hoza.

Njia panda palikuwa wazi. Tawi langu lilikuwa limetupwa kwenye majani, limelala chali, bado bichi. Nikaliona. Yeye akaliona. Nikamwona anavyoliona. Bwana Karim, kama alivyokuja kueleza, alikuwa amejificha nyuma ya mti kwa haja ndogo, akapitwa na mkia wake, akatoka, akafika hapa, akatafuta tawi kama alivyofundishwa, hakukuta tawi, akashika njia pana. Mwanafunzi mzuri kabisa. Angetukosea utii hata kidogo, akakaa chini akapiga kelele, tungempata mara moja.

Udongo wa kulia ulikuwa na alama ya kiatu cha mjini, soli laini. Tukafuata. Nikapuliza filimbi, nikasikiliza, nikapuliza tena. Kwenye iliki alama zikapotea kwa sababu majani yamefunika chini. Kuna njia tatu pale. Tukajaribu ya kwanza, ikaishia kwenye siafu, na siafu wakapanda miguuni kwangu mpaka mapajani, nikawa nawang'oa huku natembea, nalia kwa hasira. Hasira kwa Bwana Karim, kwa sikio la Mzee Hoza, kwa hoteli isiyo na tangawizi. Zaidi ya yote hasira kwangu. Nilikuwa nimejua miezi mingapi? Tukarudi, tukajaribu ya pili. Jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Aliyemwona ni Mzee Hoza. Sikio lilikufa lakini macho yalikuwa yake bado. Alinyoosha panga kuelekea kijito, na pale, kwenye mawe ya tanuri la zamani la kukaushia iliki, alikuwa amekaa Bwana Karim, koti limelowa jasho, mikono inatetemeka, anazungumza Kikachi, lugha ya kwao, na mtu asiyekuwepo. Nilimwita kwa jina, hakunijua. Mzee Hoza alikuwa ameshapiga magoti. Alitoa karatasi yake, akavunja sukari guru kwa meno, sisimizi wote na vyote, akampachika mgeni kipande ndani ya shavu, akamshika kidevu akimwambia tafuna, bwana, tafuna taratibu. Akampa kingine. Nikachota maji. Tukakaa hapo, na mimi nilisali kwa Kiswahili cha kanisani kwetu Maramba, maneno ambayo sikuwa nimeyatamka tangu mama alipofariki.

Baada ya muda macho yake yakarudi. Akanitazama, akanitambua, akaonekana mwenye wasiwasi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa maganda ya machungwa, rundo, akayanyanyua niyaone.

"Dada, maganda ninayo yote," akasema. "Sikutupa hata moja."

Machungwa yenyewe ndiyo yaliyomshikilia mpaka tulipofika. Na maganda yale, kama angeyatupa njiani, yangetupeleka kwake kwa robo ya muda ule. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikageuka, nikajifunika uso kwa kitambaa. Mzee Hoza hakucheka wala hakulia. Alikuwa anafunga karatasi yake, mikunjo ile ile.

Bwana Karim alipona. Aliishi miaka mingi baadaye, na kila mwaka alituletea kituoni boksi la filimbi za chuma kutoka dukani kwake. Shamim naye alinisamehe, ingawa si siku hiyo.

Mkuu wa kituo wa wakati ule akataka maelezo kwa maandishi. Nikaketi na karatasi. Nikaandika kwamba mimi Estha, mwongozaji wa mbele, nilisahau kufunga njia ya kulia. Sentensi moja. Niliona nafanya jambo zuri. Mzee alikuwa amebakiza miezi tu.

Kesho yake akaja nyumbani. Nilimkaribisha, hakukaa. Alikuwa amesoma.

"Tawi ulilifunga," akasema. "Nililiinua kwa mkono huu."

Nikamwambia mzee, yaishe, mtu amepona.

"Umenionea huruma. Ulijua sikio langu, ukaniacha nyuma ya watu. Sasa unaniandikia uongo nikae tena nyuma ya watu. Huyu alikuwa na machungwa. Wa pili atakuwa na nini?"

Alitoka pale mpaka ofisini, akaeleza kila kitu, akavua filimbi shingoni akaiweka mezani. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kusema uongo kwenye maelezo rasmi. Ninayo. Nilikasirika sana wakati ule, nilijiona nimeonewa. Miezi mitatu sikwenda kumsalimu. Nilipokwenda, alinipa shavu la kulia na kikombe cha kahawa, akaniuliza kama buti bado zinanibana.

Basi. Sasa nifike kwenye keki.

Mwaka jana magoti yangu nayo yalikataa kuongoza. Nikahamia mkia, kwa hiari yangu, nikasema maneno yale yale ya magoti bila hata kukumbuka nimeyatoa wapi. Mbele akawekwa Rehema, binti wa Tongoni, mtoto wa pwani aliyekuja hapa akiogopa vyura, nikamfundisha mimi. Buti nilimpa za miguu yote miwili. Hilo tu ndilo nililoboresha.

Sikio langu ni zima. Ni macho, na tena si macho sana. Ni kwamba akili inaondoka. Natembea, nashtukia niko mbali, nafikiri habari za mjukuu, nafikiri mboga. Nilijua. Nikijiuliza, najijibu kwamba nimechoka tu, kesho nitakuwa sawa.

Kisha ikaja siku moja, tulikuwa na wanafunzi wa chuo, kumi na wawili, wakorofi wa kawaida. Njia panda ya mwamba. Tawi la Rehema limelala kulia, zuri, amelikata ninavyotaka mimi. Nikaliinua. Nikalishika mkononi nikitaka kulitupa, na nikamwona Rehema amerudi, anateremka kutoka juu kwa haraka bila kukimbia, macho yake hayaniangalii mimi. Yanaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Hatua kumi na tano nyuma, msichana mmoja amechuchumaa, anapiga picha kinyonga.

Rehema alilichukua tawi mkononi mwangu. Akalirudisha chini, akalinyoosha. Akamsubiri yule msichana akapita, akamtanguliza juu. Tukabaki wawili.

Alikuwa amenisalimia asubuhi getini. Akanisalimia tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umefungua mapema. Na wiki iliyopita ulifungua mapema, sikusema. Leo nasema."

Nilimchukia. Niseme ukweli, nilimchukia njia nzima ya kupanda na nusu ya njia ya kushuka. Nilitafuta la kumjibu, nikapata mengi, habari ya adabu, habari ya umri, nani alimfundisha kushika panga. Nilikuwa na maneno ya kumliza. Na kila nililolishika lilikuwa na harufu ya ile karatasi yangu ya sentensi moja.

Yale aliyoyasema pale kwa pumzi moja, mimi kumwambia Mzee Hoza yalinishinda miezi mingi, na nusura yamuue mtu.

Tuliporudi getini sikumwacha aende ofisini peke yake. Niliingia naye. Mkuu akaanza kuuliza safari ilikuwaje, nikamwambia asubiri. Nikavua filimbi, moja ya zile za Bwana Karim, nikaiweka mezani, nikasema, "Tawi Rehema alilifunga. Nililiinua mimi."

Akataka kuniandikia kwamba nimeamua kupumzika. Nikamwacha aandike, nilikuwa nimechoka kubishana. Ndiyo maana nimeandika hapa.